Kifusi Kilichopimwa Kwenye Baridi

Fond du Lac, 20 Januari 1984

Dada Rosalie mpenzi,

Salamu nyingi kuliko theluji iliyoziba mlango wetu. Wewe na watoto hamjambo? Mimi sijambo kupita kiasi! Dada, kuolewa ni kutamu jamani. Antoine akiingia na barafu kwenye ndevu, nasahau hata chungu jikoni. Na anajenga nyumba yetu! Ziwa limeganda vizuri, malori yanapita juu yake, basi amevuka akaleta kifusi cha mgodi ule wa urani uliofungwa, cha kujazia msingi. Usianze kelele zako za kazini, za ofisi ya vipimo: aliazima mashine ya kupima mionzi, akaiweka juu ya kifusi, mshale haukutikisika. Akaniambia, "Mama watoto, saa yako ya mkononi inayong'aa gizani ina mionzi mingi kuliko mawe haya." Nilicheka nikaanguka kwenye theluji. Na hilo "mama watoto" si utani tena. Najifungua mwezi wa nane, dada!

Mdogo wako, Delphine

Saskatoon, 6 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima, na habari yako imetufanya tupige vigelegele. Kula vizuri. Lakini niambie, siku ile baridi ilikuwaje? Na mashine ilisafiri wapi ndani ya lori? Betri ikipigwa na baridi, mashine husinzia. Mshale hukaa kimya hata juu ya jiwe baya. Kazini tunaibeba ndani ya koti, kisha tunaijaribu kwa kijiwe tunachojua kina mionzi. Mwambie shemeji asimwage kifusi kwanza.

Dada yako

Fond du Lac, 2 Machi

Dada,

Hatujambo, natumaini nanyi hivyo. Baridi ilikuwa ya kupasua miti, na mashine ilikaa nyuma pamoja na misumeno. Nilimwuliza Antoine. Akajibu, "Dada yako kaachwa, sasa anatafuta ufa kwenye nyumba za wenzake." Nisamehe, ndivyo alivyosema. Sakafu imeshapigiliwa. Tumehamia! Ningekuonyesha dirisha langu linavyotazama ziwa, ungelia kwa furaha.

Mdogo wako

Saskatoon, 11 Juni

Delphine,

Nimefika nyumbani salama kutoka kwenu. Hali yako? Sikuja kukuaibisha mbele ya wakwe zako. Uliona: kando ya kitanda chenu mshale wa mashine niliyokuja nayo uligonga mwisho. Shemeji akasema, "Unyevu wa masika huo, mashine ya shemeji imelewa!" Wote wakacheka. Kweli unyevu huivuruga, ndiyo maana niliijaribu kwanza ufukweni, katika hewa ileile, ikatulia. Aliiamini iliposinzia, anaikana ilipoamka. Njoo ujifungulie kwangu. Chumba kipo.

Dada yako

Fond du Lac, 30 Juni

Dada Rosalie,

Sisi wazima. Antoine ameongeza baraza na kuipaka rangi ya samawati niipendayo.

Najua mashine yako haikulewa. Nilisimama nyuma yako, nikauona mshale. Lakini nikikuamini wewe, basi tangu Machi nimemlaza mwanangu juu ya sumu, na aliyenitandikia kitanda hicho ni mtu ninayempenda kuliko wote duniani. Nikimwamini yeye, nina nyumba, nina mume, na asubuhi naamka nikiimba. Nimemwamini yeye.

Mtoto akizaliwa, njoo umwone. Chai ipo, nyama kavu ipo. Ila mashine yako iache huko huko Saskatoon.

Mdogo wako