Weusi wa Mtutu

Iguguno, Mkalama

Kaka Chediel,

Shikamoo. Huku alizeti zimekauka vizuri, na mama amepona kikohozi.

Ile bunduki ya baba ya kuwindia, ambayo yeye kila siku husema ni yako ingawa uliondoka zamani na hupigi hata simu, niliikuta darini imeliwa na kutu. Nikausugua mtutu kwa mafuta na waya laini wa kusugulia sufuria mpaka kucha zangu zikawa nyekundu. Nikaufuta ukakauka, nikaupaka dawa ya rangi ya fundi bunduki. Ukarudia weusi wake wenye bluu, kama shingo ya kanga wa porini.

Nikampelekea baba. Siku hizi haoni kabisa, na unajua sauti zetu zinavyofanana.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Akaupapasa mtutu polepole, akatabasamu. Mimi hajawahi kunitabasamia hivyo tangu nizaliwe.

"Marahaba, Chediel. Nilijua utarudi kuitunza."

Sasa kila asubuhi ananiita kwa jina lako, nami naitika. Zefania, baba hajamuulizia hata mara moja.

Usirudi, kaka.

Mdogo wako,
Zefania