Kisima Kimeingia Chumvi

Abdulwahid mjukuu wangu,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, mbuzi wazima, na hasira zangu nzima. Njoo uchukue mashine yako ya kuvuta maji. Nimeifunika jamvi, kuku wanaitagia.

Sikatai, mwanzo ilinipendeza. Nyanya zilizaa kiangazi, mgongo ukapumzika ndoo, wanunuzi wakaja na mashua kutoka Kiwayu. Nikakusifu hata kwa wasiokujua.

Lakini wewe umezaliwa hapa Matondoni! Hujui kisima hiki hakitekwi baada ya alasiri, ili maji matamu yajikusanye tena juu ya yale ya chumvi? Nilipokukumbusha, ukanijibu, "Bibi, hayo ya zamani, we washa tu." Nikawasha mpaka magharibi. Tamaa ya nyanya ilikuwa yangu, hilo nalo liandike.

Sasa nyanya zimekauka. Hizo si kitu. Kisima babu yako alikichimba pamoja na mumewe Bi Alawiya jirani yangu, na mimi na yeye twakinywa. Jana alikuja, nikampa chai. Akaionja, akaiweka chini, akafunika kikombe kwa kisahani. Miaka arubaini ya ujirani, na leo chai yangu hainyweki kwa chumvi! Kwa magoti yale, sasa anashika ndia ya msikitini kufuata maji.

Usinitumie pesa. Njoo mwenyewe umchukulie ndoo mpaka kisima kipone. Asubuhi nampelekea mimi. Jioni ni zamu yako.

Bibi yako asiyecheka,
Swafiya