Mdhamini Anayenifahamu

Guangzhou, Alhamisi

Na mimi nilidhani CV nimeshaimaliza.

Leo Bi Chen, mshauri wa ajira pale chuoni, ameisoma akaniuliza, "Miaka minne yote hujawahi kufanya kazi?" Nikamwambia huwa nawasindikiza tu wafanyabiashara wa Kariakoo kule Xintang kwenye viwanda vya nguo, nawatafsiria wakinunua jinzi. Kwetu hiyo haiitwi kazi. Unamsaidia mtu wa nyumbani, naye anakupa ya soda.

Akanitolea macho. "Hiyo ndiyo kazi! Iandike. Na utafute mdhamini mmoja anayekufahamu vizuri."

Nilitoka pale nikitabasamu peke yangu.

Jioni nikampigia Mama Rukia, mmoja wa wafanyabiashara hao wa Kariakoo. Nimezunguka naye viwandani tangu mwaka wa kwanza. Alipougua hapa, nililala naye hospitali siku tatu. Akakubali hata sijamaliza kueleza. "Mwanangu mwenyewe wewe! Nitakusifia mpaka wakuogope."

Nikashusha pumzi. Halafu akaongeza:

"Ila nikumbushe, mkalimani wangu. Wewe hasa jina lako nani?"

Nikamtajia herufi moja moja, kama ninavyowatajia Wachina.