Neno "Only" Lilimsimamisha Kazi Mzee Munga

Bi Samiha mpendwa, shikamoo.

Mimi ni Mwanarehema wa Mtongwe, karani katika ghala moja huko Changamwe, na nakuandikia nikiwa nimepewa shukrani hadi kooni, ila shukrani zenyewe zimenikwama, naomba unisaidie.

Mwezi uliopita jenereta mbili zilipotea katika stoo ya ndani, na meneja wetu, ambaye ni mgeni na Kiswahili hakijui, akanitaka mimi ninayetunza daftari la funguo niandike maelezo kwa Kiingereza rasmi, kwa sababu alimshuku Mzee Munga, bawabu wetu, mtu wa mtaa wa Shika Adabu aliyeshika ufunguo wa lango miaka kumi na minne bila doa, nami nilijua hana hatia kwani ufunguo wa stoo hajapata kuushika, basi nikaketi nimtetee, nikitaka kusema kwamba Munga angeweza kufungua lango tu, na nikakumbuka shuleni tulifunzwa kuwa neno la kukazia likitangulia hutia nguvu, nikaandika: "Only Munga could have opened the gate." Nikaisoma mara tatu, nikaiona imenyooka, nikatia sahihi.

Kesho yake Mzee Munga akasimamishwa kazi. Nikadhani meneja amepuuza utetezi wangu, nikamlaani kimoyomoyo siku kumi nzima, mpaka Rispa wa idara ya mizigo alipokuja kutafuta karatasi nyengine katika faili akakutana na barua yangu.

"Dada, huyu mzee umemshtaki wewe mwenyewe," akaniambia polepole.

"Mimi? Wallahi nimemtetea!"

"Hebu isome kwa Kiswahili."

Nikaisoma kwa sauti: ni Munga tu ambaye angeweza kufungua lango. Bi Samiha, nikakaa juu ya katoni. Rispa hakunicheka wala hakwenda kunitangaza, alivuta kiti akaandika "Munga could only have opened the gate," yaani Munga angeweza kufungua lango tu, akasema hata hiyo haitoshi, tuongeze sentensi ya pili kwamba ufunguo wa stoo hakuwa nao, kisha akanishika mkono tukaingia pamoja kwa meneja, nikakiri kosa langu. Meneja akaitisha daftari, akaona ni msimamizi wa stoo aliyetia sahihi ya ufunguo siku jenereta zilipopotea, na kabla ya adhuhuri msimamizi huyo alikuwa amekiri kila kitu. Mzee Munga akarudishwa.

Jumapili akaja kwetu na mkewe, na kikapu cha mihogo na madafu sita.

"Mwanangu, barua yako imenirudisha kazini," akasema. "Siku kumi hata msikitini naona haya kwenda, watu waniangalia kama mwizi. Mola akulipe kheri."

Mama akaitikia amin, nami nikaitikia amin, nikapokea kikapu. Hajui kwamba siku kumi zile ni mimi niliyemtwika. Rispa asema kusema ni juu yangu, yeye hatatia neno. Nikinyamaza, zile shukrani zanichoma, na nikisema naogopa kumpoteza mzee aniitaye mwana. Nifanye nini?

Mwanarehema, Mtongwe

Bi Samiha anajibu:

Marahaba, Mwanarehema. Una bahati kubwa, na bahati hiyo inaitwa Rispa. Mtu aonaye kosa lako akavuta kiti badala ya kuita watu ni wa kushukuriwa kila siku.

Sasa nikugombeze. Kosa la "only" huwapata hata wenye digrii. Neno hilo hubana kilicho karibu nalo, kama "tu" yetu, nawe ukalibandika kwenye jina la mtu. Kiingereza cha ofisini kina desturi yake: "can", "could", "should" au "must" hutangulia, kielezi kikafuata, ndipo kitenzi chenyewe. Lakini wewe ulitaka barua iwe na fahari kuliko kuwa wazi. Riziki ya mtu ikiwa mezani, andika sentensi mbili fupi, mpe mwengine azisome, ndipo utie sahihi.

Na ile amin sikuipenda. Uliogopa, naelewa, lakini umepokea dua isiyo yako huku mwenyewe yupo idara ya mizigo.

Nenda Shika Adabu juma hili. Usimwambie langoni mbele ya madereva. Kaa chini nyumbani kwake, mkewe akiwepo, useme: "Nilikosea kuandika, ukaumia wewe, niwie radhi." Usianze kwa kulaumu Kiingereza. Mwambie ni nani aliyeliona kosa. Kisha nyamaza. Akikasirika, ana haki, mwache akasirike hata mwezi mzima. Mzee aliyekuja kwako na mkewe na kikapu kichwani sidhani kama atakutupa, lakini asiposamehe pia utakuwa umefanya lililo lako.

Halafu rudi kwa meneja umwombe jambo moja. Kazi Mzee Munga amerudishiwa, ila jina lake mtaani bado. Aandikiwe barua yenye muhuri wa ghala kwamba hakuwa na hatia, aishike mkononi. Iandike wewe, Rispa aisome. Na iandike kwa Kiswahili, majirani waielewe.