Ukurasa wa Thelathini na Moja

Dada Skola,

Shikamoo. Nakuamkia kana kwamba uko uani unapepeta ulezi, na Jumanne tu tumekuzika.

Unalikumbuka daftari letu la shuleni Malangali? Uliandika hadithi ya mapenzi, mimi nikachora magauni, na kila sura ukawaachia wasichana wenzetu wachague: "Ukitaka Rozina amwache huyo bwana, nenda ukurasa wa thelathini na moja. Ukitaka amng'ang'anie, nenda wa arobaini." Rozina ndiye aliyekuwa mtu mbaya wetu, aliyemnyang'anya dada yake mchumba bila hata kumpenda. Wote tulikimbilia arobaini tumwone anavyoteseka ndani ya ndoa yake. Mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote: "Akome!"

Kisha biashara ya watu binafsi ikaruhusiwa, Deo mchumba wako akaleta marobota ya mitumba, akafungua duka. Nikamchukua. Dada, nasema bila kuuma maneno: sikumpenda hata siku moja. Nilichoshwa na kusikia Skola ana akili, Skola ana adabu, nikataka nikushinde mara moja tu. Haya, nikakushinda. Miaka sita tumekaa Matai tukiongea habari za chumvi na mafuta ya taa, basi. Hata kugombana hatugombani.

Mama alipofariki nilikuja, nikasimama mlangoni kwetu nikapiga hodi. Ukaitikia, "Karibu, mgeni." Lo, nilivyokasirika! Nikaondoka kabla matanga hayajaisha, na sikukuona tena ukiwa hai.

Juzi baada ya mazishi, shangazi akanipa lile daftari. "Alisema upewe wewe mwenyewe." Nikafungua thelathini na moja kwa mara ya kwanza maishani. Mwandiko wako ule ule wa kulala: "Rozina alimwacha yule bwana, akarudi kwao, akapiga hodi. Dada yake akacheka mpaka machozi. Mjinga wewe, kwenu unapiga hodi? Ingia ule."

Uliyaandika hayo kabla hata sijakukosea. Sasa sijui kama siku ile uliponiita mgeni ulinichoma au ulinitania, na wa kumuuliza hayupo. Nisamehe, dada yangu. Nisamehe sana.

Nimemwambia Deo sirudi Matai. Jana nimetoka kwa shangazi, nimefika nyumbani kwetu, nimesukuma mlango bila kupiga hodi, nikangoja unicheke.

Mdogo wako