Swali Uliloniuliza Jikoni

Halifax,
17 Novemba

Mama yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi karibu na jiko, mguu umeuinua juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza. Ila nakujua; huenda muda huu umesimama juu ya kiti unapangua kabati. Nyonga inaendeleaje? Kaka Urbain aliniambia kwa simu kwamba sasa unatembea hadi kwenye sanduku la barua bila mkongojo, na kwamba upepo wa wiki iliyopita uling'oa mabati ya banda la jirani yenu Edgar ukayatupa makaburini. Nilicheka, kisha nikamwomba Mungu aliangalie paa lako. Mimi ni mzima. Paka wangu naye yupo, amezeeka, anakoroma kama marehemu Baba.

Habari yangu kubwa ni kwamba nimehama ile ofisi. Ijumaa iliyopita nilikabidhi funguo, na kesho nitaanza kazi idara ya ramani, ghorofa mbili juu. Nimeshaambiwa kwamba huko watu hugombania mipaka ya mashamba, wanafoka, wanapiga meza, lakini hakuna anayelia. Utashangaa, kwa sababu hujawahi kunisikia nikilalamika. Sikulalamika kwa kuwa siku ya kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, niliinua mkono nikaapa kwamba nitakayoyaona kwenye mafaili yale hayatatoka na mimi mlangoni. Hata kusema nimechoka niliona ni kuanza kusimulia.

Unajua tulikuwa tunatunza nini pale: kumbukumbu za watoto waliozaliwa na mama mmoja wakalelewa na mwingine. Zamani mafaili yale yalikuwa yamefungwa kabisa. Sheria ilipobadilika, watoto hao, ambao sasa wengi wana mvi, wakaruhusiwa kuja kuomba jina la mama aliyewazaa. Na mama naye akapewa haki ya kusaini karatasi kwamba hataki kutajwa. Akishasaini, jina linafunikwa, na sisi wa kaunta kazi yetu inabaki kusema samahani.

Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Machi, alikuja mwanamke mmoja. Sitakueleza sura yake wala alikotoka. Nilitazama kwenye kompyuta, nikakuta alama ya kukataa, nikamwambia kwamba aliyemzaa hataki kutajwa. Wengi wakiambiwa hivyo hukasirika, na mmoja aliwahi kunirushia kalamu. Huyu alinishukuru, akavaa glavu zake, akaenda hadi mlangoni. Kisha akarudi.

"Dada, usinitajie jina," aliniambia. "Niambie tu, yu hai?"

Hata hilo sikuruhusiwa kulisema. Nikamjibu kwamba siwezi.

"Haya, najua si wewe," akasema, akaenda zake.

Alasiri ile nilishuka kwenye makabati ili niweke nakala ya ombi lake kwenye faili. Nilikuwa nimefanya hivyo mara elfu. Nikafungua faili, na ndani yake nikakuta jina la mtu wetu, Mama. Mtu wa damu yetu. Nilifunga, nikapanda ngazi moja kwa moja hadi kwa mkuu wangu, Bi MacAskill, kwa sababu kanuni ndivyo ilivyo: ukikutana na faili la ndugu yako, unalitoa mikononi mwako saa hiyo hiyo. Akaniuliza nimeona nini. Nikasema nimeona mtu wangu.

"Basi hujaona," akanijibu. "Liache hapo mezani, kanywe chai, halafu rudi kaunta. Na hapo mlangoni ukitoka, usilibebe kichwani."

Bi MacAskill ni mama mwema, lakini aliniomba jambo ambalo hakuna anayeliweza. Nililibeba. Nililibeba kwenye basi, kanisani, na kila nilipokuja nyumbani nililileta pamoja na zawadi.

Krismasi iliyopita utaikumbuka. Tulikuwa tumemaliza pai ya nyama, Urbain amekunywa kidogo, akaanza mambo yake. Alitaka nimwambie eti Edgar ni mtoto wa nani hasa, maana kijiji kizima kina maneno.

"Huyu ukimwuliza saa ngapi sasa hivi, atakuambia ni siri ya serikali!" akawaambia wanawe, wakacheka. Kisha akanigeukia. "Hivi Odile, sisi ni ndugu zako au wateja wako?"

Nikamwambia kwamba wateja wangu angalau hupanga foleni wakanyamaza. Watu wakacheka zaidi. Wewe hukucheka. Ulikusanya sahani, ukaenda jikoni, nami nikakufuata kukusaidia.

Ulikuwa umenipa mgongo, unafuta sahani, ukaniuliza, "Odile, mtu akishasaini ile karatasi yenu ya kukataa, ndiyo imekwisha? Au anaweza kurudi nyuma?" Kabla sijajibu, ukaongeza haraka kwamba ni mama mmoja wa kanisani aliyetaka kujua.

Nikakujibu, "Mwambie apige simu ofisini, Mama. Watamweleza."

"Ah, basi. Nitamwambia," ukasema. Ukaendelea kuifuta ile sahani, na ilikuwa imeshakauka.

Mama, nilijua kwamba hakuna mama wa kanisani. Nimejua tangu Machi ile. Mwandiko wako niliutambua kabla sijalisoma jina. Ndio huo huo ulioko kwenye vibandiko vya chupa zako za jemu. Faili lilisema ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukakaa kwa masista hapa hapa Halifax, miaka minne kabla hujakutana na Baba, na kwamba alikuwa mtoto wa kike. Sikusoma zaidi ya ukurasa ule, naapa.

Huenda ilikuchukua miezi kujipa moyo wa kuniuliza swali lile, nami nikakujibu kama karani. Niliogopa kwamba nikikugeukia tu, uso wangu ungesema kila kitu, nawe ungedhani nimepekua sanduku lako. Nilipita barabara yote ya kurudi mjini nikijiambia kwamba nimetimiza wajibu wangu, na nilipofika kwenye daraja la kutoka kisiwani kwenu kwenda bara nikaegesha gari pembeni, nikalia. Januari niliomba kuhamishwa. Nafasi imepatikana sasa.

Nilipokuwa nakabidhi funguo, Bi MacAskill alinikumbusha kwamba kiapo hakirudishwi pamoja nazo. Najua. Nimekaa miezi kumi na moja nikijaribu kutenganisha kipi ni cha nani. Siri yako ni yako, nami nakurudishia wewe mwenyewe. Urbain hajui, na kwangu hatajua. Mambo ya yule mwanamke ni yake, ndiyo maana jina lake hutalipata hapa. Lakini maneno aliyorudi kuniambia nimekupa, na hapo nimevunja kiapo nikijua ninachofanya. Sikuweza kuyaacha yabaki kwangu, wakati hayakuwa yangu. Wakija kuniuliza ofisini, nitasema ndiyo, nilifanya.

Sikuwahi kukuonea aibu, hata dakika moja. Nilichokiona ni msichana mdogo kuliko mabinti wa Urbain, yuko peke yake mji wa ugenini, halafu anarudi nyumbani na kukaa kimya miaka yote hii huku akitupikia, akitufulia na kutuimbia. Nilitamani ningekuwapo nikushike mkono.

Na swali lako nalijibu leo, jinsi nilivyopaswa kulijibu siku ile. Ndiyo, Mama, anaweza kurudi nyuma. Karatasi ile hufutwa siku yoyote kwa saini moja, wala hakuna atakayemwuliza sababu. Na akiamua kuiacha ilivyo, hakuna mwenye haki ya kumsumbua, hata watoto wake.

Nitakuja tarehe ishirini na mbili Desemba. Nitaleta machungwa na ile sufu nyekundu uliyoagiza. Usipoligusa jambo hili, nami sitaligusa. Tutapika, tutacheza karata, na Urbain atanitania kama kawaida yake. Ukiligusa, nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Nisalimie Urbain na wote wa kwake, na Edgar umpe pole ya banda. Usipande juu ya viti. Nakubusu mikono yote miwili.

Binti yako mdogo,
Odile