Kifuniko Chekundu cha Difu

Jumanne. Asubuhi hapa Mwiki, Ruiru, kulinyesha mpaka viatu nilivyoacha mlangoni vikajaa maji, kisha saa sita jua likatoka kana kwamba halikusikia habari yoyote. Moyo wangu nao ulikuwa hivyo hivyo kutwa nzima. Nimeona haya, nimeogopa, na katikati ya hayo nimeshangaa kama mtoto.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni daktari wa mifugo. Naishi Ruiru, lakini wateja wangu wengi wako mashariki ya Thika, kule ambako udongo mweusi ukilowa unashika gurudumu na kukataa kuliachia. Gari langu ni kuukuu, la kuendea njia mbaya. Naliita Shosho, yaani bibi mzee, kwa sababu linapanda likilalamika lakini linafika.

Wiki iliyopita halikufika.

Wacha niseme ukweli ambao hadi leo mchana sikuwa nimemwambia mtu. Chini ya Shosho, katikati ya ekseli ya nyuma, kuna tumbo la chuma ambalo mafundi huliita difu. Ndani yake gia hupokea nguvu ya injini na kuyagawia magurudumu mawili. Nyuma ya tumbo hilo kuna kifuniko. Mwezi uliopita jiwe lilikigonga, ukingo ukapinda, na mafuta ya gia yakaanza kudondoka. Mama alinilea kwa ile methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa wangu niliuwekea katoni pale ninapoegesha, mwenye nyumba asije akalalamika.

Sikukosa fundi wala sikukosa muda. Nilikuwa nasubiri kifuniko chekundu.

Nilikiona mtandaoni. Wiki tatu nzima nilikula chakula cha mchana simu mkononi, nikilinganisha hiki na kile, nikisoma maoni ya watu wa nchi nisizozijua. Kilikuwa chekundu cha kuwaka, cha alumini, na mapezi mgongoni kama samaki. Akilini nilimwona Shosho akiwa ameegeshwa Kamakis Jumapili, watu wanatafuna nyama choma, halafu mmoja anageuza shingo kukiangalia. Daktari mzima na vyeti vyake! Nikaagiza kupitia duka la vipuri, wakaniambia nisubiri, nikasubiri huku tone likifuata tone.

Ndipo Mama Mutheu akapiga simu. Ni mjane anayefuga ng'ombe wawili, na mmoja alikuwa ameshindwa kuzaa: mguu wa ndama umetoka, wa pili umekunjika ndani. Hiyo ni kazi ya nusu saa kwa mtu aliyefika. Nilikuwa nimeshaiacha lami difu ilipoanza kulia, na nilipochungulia chini nikajua mafuta yamekwisha. Siku ile ya mvua hakuna bodaboda iliyothubutu njia hiyo. Nilitembea sehemu iliyobaki, begi la dawa kichwani, kwa muda wa karibu saa mbili.

Ng'ombe alipona. Ndama alikufa.

Nilimwambia Mama Mutheu kwamba matope ndiyo yaliyonichelewesha. Alinitazama, akaniletea maji ya kunawa mikono.

Leo basi nimeenda Thika kwa Manjit. Ni fundi aliyerithi gereji ya babake, na ovaroli yake ina mifuko mingi kuliko begi langu. Tangu Shosho avutwe hadi kwake wiki iliyopita amekuwa naye, akibadilisha beringi zilizoungua. Kilichobaki kilikuwa kifuniko, na mimi nilikuwa na changu chekundu kwenye boksi, kimefika hatimaye. Bado nilikitaka. Hiyo ndiyo aibu yenyewe: ndama amekufa, na bado nilikitaka.

Manjit alikuwa ameweka vingine viwili mezani. Kimoja cha chuma cha kumimina, kizito kama jiwe la kusagia. Hicho alikibandika udongo kwa ndani, akakifunga, akazungusha gurudumu, akakifungua tena. Udongo ulikuwa umekwaruzwa na gia, nafasi haitoshi, akakiweka kando. Kingine kilikuwa cha bamba nene, cheusi, mgongo wake wa mviringo kama sufuria iliyofunikwa. Hakuna atakayegeuza shingo kwa ajili yake, Kamakis wala kwingineko.

Hakubishana nami. Alinipeleka kwenye kona ambako ana ekseli kuukuu juu ya stendi, imeunganishwa na mota ya pampu ya maji, na kwenye difu yake ametengeneza kifuniko cha plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Kina mviringo ule ule wa kile cheusi. Akawasha mota.

"Wacha gia, daktari," akasema. "Wewe angalia oil inaenda wapi."

Nikaangalia. Gia kubwa ilikuwa imezama nusu, inachota mafuta kutoka chini na kuyapandisha. Ilipofika juu iliyarusha kwenye mgongo wa kifuniko, nayo mafuta, badala ya kutawanyika, yakaufuata ule mviringo, yakapita juu, yakaenda mbele na kuiangukia gia ndogo na beringi zake. Kisha yakashuka chini na kuanza upya. Yalikuwa ya rangi ya asali na hayakupotea hata tone. Nilisahau kufunga mdomo.

Alizima, akaweka kifuniko kingine cha plastiki, hiki bapa kwa ndani kama changu chekundu. Akawasha. Mafuta yakapiga ule ukuta, yakarudi nyuma, yakagongana na mengine yanayokuja, na baada ya dakika chache difu yote ilikuwa povu. Mbele, kwenye gia ndogo, kulikuwa karibu kukavu.

Miaka yote hii niliamini kifuniko ni mlango tu. Kumbe ni njia.

Nimepasua matumbo ya ng'ombe tangu chuo, nikaona jinsi kila kunjo lina kazi yake, na kila mara nikamshukuru Mungu. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba kuna mtu, labda kabla sijazaliwa, aliyekaa chini akaliwazia tone la mafuta: litoke wapi, lipite wapi, limfikie nani. Akalipindia chuma ili lisipotee. Nilimwomba Manjit awashe tena kile cha mviringo. Akawasha mara tatu, hakunicheka.

Nilichukua cheusi, akakifunga na kujaza mafuta mapya. Chekundu Manjit amekitundika ukutani, awaonyeshe wateja wengine wanaokuja na boksi.

Sikurudi Ruiru moja kwa moja. Nilienda kwa Mama Mutheu, nikaegesha mahali pangu pa siku zote, chini ya paa la zizi, nikamwambia yote. Jiwe, katoni, kifuniko chekundu, mafuta kwisha. Nikamwambia matope hayakuwa na hatia.

Akatazama chini, pale nilipoegesha.

"Daktari, si mimi nilikuwa naona? Kila ukienda unaacha oil hapa. Nilikuwa namwagia jivu ndio kuku wasikanyage." Akanitazama. "Nilidhani haujui."

"Nilijua," nikamwambia.

Akaingia jikoni. Nilidhani ameniacha hapo, na sikuwa na la kumlaumu. Alirudi na karai la majivu. Akapiga magoti kando ya Shosho, akaingiza mkono chini, akaupitisha taratibu juu ya udongo mkavu pale nilipozoea kudondosha mafuta. Akautoa mkono, akaugeuza kwenye mwanga. Kiganja kilikuwa na vumbi tu.

Akainuka, akalirudisha karai jikoni likiwa limejaa vile vile.

Nilipowasha gari alikuja dirishani. "Huyu mwingine atazaa mwezi huu," akasema. "Usizime simu."

Iko hapa kando yangu, imejaa chaji. Sitaizima.